Nyumba Iliyolala Upande

Hapo zamani, kabla barabara ya magari haijapanda milima ya Upare, palikuwa na kijiji kiitwacho Ngofi, kimekaa juu kabisa, pale upepo wa tambarare unapoishia. Watoto wa Ngofi walisomea nje. Mvua ikinyesha, hakuna shule. Basi wazazi wakasema, tuwajengee watoto nyumba. Wakakata miti, wakasimamisha nguzo, wakaweka boriti chini na boriti juu, wakafunga kwa kamba za katani. Upepo ukaja, ukasukuma, nyumba ikalala upande.

Haikuvunjika, nisikilizeni vizuri. Hakuna mti uliokatika, hakuna kamba iliyofumuka. Ililala tu upande, kama kofia ya mlevi. Wakaisimamisha, wakaongeza kamba. Upepo ukaja, ukasukuma, nyumba ikalala upande.

Mzee Kachenje, mkuu wa kijiji, akamwita mwalimu. Mwalimu alikuwa binti wa palepale Ngofi, jina lake Nakiete, msichana wao wa kwanza kwenda kusomea ualimu na kurudi nyumbani kufundisha.

"Mwalimu," akasema Mzee Kachenje, "watu wamechoka. Nyumba ikilala tena, watoto tutawapeleka kwa wenzetu ng'ambo ya bonde. Wao wana nyumba ya mawe."

Nakiete aliijua shule ile ya ng'ambo. Ndiko alikosoma akiwa mtoto, na hakusahau jinsi wenzake wa huko walivyokuwa wakimwuliza, huku wakicheka, kama kwao Ngofi kuna mtu anayejua kuhesabu.

"Neno lako naliheshimu, Mzee," akajibu. "Lakini watoto wangu hawaendi ng'ambo. Nipe nafasi moja tu."

Asubuhi akawatoa wanafunzi wote, akawapanga mbele ya ile nyumba iliyolala.

"Ukuta huu ni umbo gani?"

"Mstatili!" wakaitikia kwa sauti moja.

"Tazameni tena."

Akasimama msichana mmoja aitwaye Naetwe, mwembamba, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa anapofikiri.

"Mwalimu, ulikuwa mstatili. Sasa siyo."

"Kwa nini siyo? Pande zake zimepungua?"

"Hazijapungua. Nguzo zina urefu uleule, boriti zina urefu uleule. Pande zinazotazamana bado ni sambamba. Kilichobadilika ni pembe. Zote zilikuwa pembe mraba. Sasa mbili zimebana na mbili zimefunguka."

"Zilizobana tunaziitaje?"

"Pembe kali."

"Na zilizofunguka?"

"Pembe butu."

"Na umbo zima?"

Hapo darasa lote likaona, likapiga kelele: "Msambamba!"

Nakiete alisikia raha ikimpanda kifuani, lakini jina la umbo halisimamishi nyumba. Naetwe naye hakuwa amemaliza. Alichuchumaa, akaokota vijiti vinne, akavifunga ncha kwa ncha kwa nyuzi za katani. Akasukuma kwa kidole kimoja, umbo likalala. Akafungua, akatoa kijiti kimoja, akafunga vitatu. Akasukuma, umbo likakataa. Akampa mwalimu.

"Sukuma, Mwalimu."

Nakiete akasukuma. Umbo likakataa.

"Lenye pande nne linalala hata kama pande zake hazijabadilika," akasema Naetwe. "Pembetatu hailali mpaka uvunje kijiti. Tukipitisha mti mmoja kutoka pembe ya juu hadi pembe ya chini inayotazamana nayo, kila ukuta utakuwa na pembetatu mbili."

"Mti huo ni nini?"

"Ni ulalo, Mwalimu."

Nyuma ya wenzake akaangua kicheko Mbonea, mtoto wa mkata miti, mwenye mabega ya mtu mzima. "Nyumba imeshalala, na wewe unaiongezea ulalo! Tuiletee na blanketi!"

Wakacheka wote. Hata mwalimu aling'ata mdomo. Naetwe peke yake hakucheka, na vijiti vyake hakuvitupa.

Wazazi wakaitwa, wakaonyeshwa vijiti vinne, wakaonyeshwa vijiti vitatu. Kila mmoja akasukuma, kila mmoja akakubali. Kazi ikaanza siku ileile. Wakaisukuma nyumba mpaka ikasimama, na baba yake Mbonea akaja na mti wa ulalo begani, tayari kuufunga.

"Baba, subiri kidogo," ikasema sauti.

Alikuwa Kiangi, mtoto asiyependa kusema darasani, lakini madaftari yake yalikuwa safi kuliko ya wote. Alikuwa ameshika kamba ndefu mkononi.

"Nisubiri nini?"

"Nyumba haijanyooka."

"Mwanangu, jicho langu limesimamisha nyumba kabla hujazaliwa."

"Najua, Baba. Naomba nipime tu."

Mwalimu Nakiete akamwashiria mzee yule kwa macho, naye akashusha mti chini, shingo upande. Kiangi akavuta kamba kutoka pembe ya juu kushoto hadi pembe ya chini kulia, akapiga fundo. Kisha akavuta kamba ileile kwenye pembe mbili zilizobaki. Fundo halikufika.

"Ulalo huu ni mrefu kuliko ule," akasema. "Katika mstatili wa kweli, ulalo huu na ule huwa sawa. Hapa pembe hazijawa mraba. Mkiufunga mti sasa, mtaishika nyumba ikiwa imepinda, na haitanyooka tena."

Baba yake Mbonea akatazama fundo, akatazama ukuta, akatema mate pembeni. "Haya, vuteni!" Wakavuta. Kiangi akapima. "Bado." Wakavuta. Akapima. "Bado kidogo." Wakavuta, na safari hii fundo likatua kwenye pembe kama limeitwa.

"Fungeni!"

Wakafunga. Ukuta kwa ukuta walipima kwanza, kisha wakafunga. Wakaezeka nyasi. Ukabaki ukuta wa nyuma, ule unaopokea upepo. Mti wake wa ulalo ulikuwa umefungwa juu, chini bado. Kazi hiyo akapewa Mbonea, kwa kuwa hakuna aliyekaza kamba kama yeye.

Mbonea akashika kamba, akazungusha mara moja. Akasikia wenzake wakicheza mpira wa matambara bondeni. Akaona nyumba imesimama wima, haina tatizo. Akaiacha kamba, akaenda kucheza.

Siku iliyofuata, kwa mara ya kwanza, watoto wa Ngofi walisoma chini ya paa. Nakiete alikuwa anachora duara ubaoni aliposikia nyasi za paa zikivuma. Upepo ukaja, ukasukuma. Kuta zote zikakataa, isipokuwa ukuta wa nyuma. Kamba iliyozungushwa mara moja ikafumuka, mti wa ulalo ukachomoka chini, na ukuta ukaanza kulala taratibu upande wa madogo, watoto wa darasa la kwanza.

"Tokeni!" akapiga kelele Nakiete. "Tokeni wote!"

Wakakimbilia mlangoni. Naetwe akabeba mtoto mmoja, Kiangi akavuta wengine wawili. Mmoja tu alikimbilia ndani zaidi. Mbonea aliudaka mti ule, akausukuma hadi kwenye pembe yake, akauzuia kwa bega, miguu imechimba udongo na mgongo umebana nguzo. Upepo ukasukuma. Mbonea akakataa. Ngozi ya viganja ikachunika, damu ikashuka kwenye mti. Upepo ukasukuma. Mbonea akakataa.

Madogo walipokwisha kutoka, Nakiete alirudi na kamba, akapiga magoti miguuni pake, akazungusha na kukaza, akazungusha na kukaza, mpaka Mbonea mwenyewe akasema, "Basi, Mwalimu. Sasa unashika."

Upepo ulivuma mpaka jioni. Nyumba haikulala.

Habari zikavuka bonde. Walimu wa ng'ambo, wenye nyumba ya mawe, wakapanda kuja kutazama, wakagusa ile miti, wakauliza maswali, na watoto wa Ngofi wakawajibu vifua mbele: pembetatu hii, ulalo huu, pembe mraba hii. Nakiete alisimama pembeni, akawaachia wajibu wenyewe.

Wageni walipoondoka, Mzee Kachenje akakikusanya kijiji.

"Nyumba iliyotupa heshima hii haiwezi kukosa jina," akasema. "Tuipe jina la mtoto mmoja, aliyeisimamisha. Mtoto mmoja tu, maana nyumba, kama mtu, huitwa kwa jina moja. Mwalimu ndiye atakayechagua."

Watoto watatu wakasimama.

Naetwe akasema, "Mlisimamisha nyumba na ikalala, mkaisimamisha na ikalala. Mimi ndiye niliyeona kwa nini. Nilichekwa na sikuacha. Bila pembetatu yangu, leo tungekuwa tunavuka bonde kwenda kwa watu."

Kiangi akasema, "Ulalo tulifundishwa sote. Lakini ulikuwa unakwenda kufungwa kwenye nyumba iliyopinda. Nilimzuia mtu mzima, tena baba wa watu, nikapima mpaka pembe zikawa mraba. Wageni walikuja kuona nyumba iliyonyooka, na aliyeinyoosha ni mimi."

Mbonea akainua viganja vyake vilivyofungwa kitambaa. "Ninyi mliujua ulalo na mliupima. Mimi niliushika. Upepo ulipokuja, mlikimbilia nje, na mlifanya vyema. Mimi nilikimbilia ndani. Madogo wako hai."

"Na kamba ile nani aliiacha?" akauliza Naetwe.

"Niliiacha mimi," akasema Mbonea, wala hakushusha macho. "Kosa ni langu, sikatai. Ndiyo maana nililipia kwa mikono yangu."

Kijiji kikagawanyika. Wanawake waliokuwa na watoto wa darasa la kwanza wakapaza jina la Mbonea. Baba yake Mbonea mwenyewe, hilo liliwashangaza wote, akasema, "Mimi namtaka yule wa kamba." Na wasichana wote wa shule wakasimama nyuma ya Naetwe.

Nakiete akawatazama watatu wale, vichwa juu, wala hakuna aliyeomba kwa unyonge. Alitamani kutaja jina, na kila alilotaka kulitaja, mawili mengine yalilizuia mdomoni.

Basi mwalimu amenyamaza, na kijiji kinangoja. Ninyi mliokaa hapa mmeyasikia yote. Aliyegundua na kuchekwa, aliyepima na kunyoosha, aliyekosa kisha akashika: je, nyumba ile ya Ngofi ilistahili kuitwa jina la nani?