Kitufe Kilichojificha Kulia

Mlango hupimwa kwa mgeni, si kwa mwenyeji. Leo mmemsikia mwenyekiti akiisema methali hii kwenye mkutano wa zahanati, nanyi mmekuja kuniuliza imetoka wapi. Wajukuu zangu, haikutoka mbali. Ilitoka hapa hapa kwetu Rungwe, na mimi bibi yenu Atupakisye nilikuwapo. Kaeni niwaeleze.

Enzi hizo nilikuwa kipofu. Mtoto wa jicho alinianza upande mmoja akahamia wa pili, mpaka mchana na usiku vikawa sawa kwangu. Kwenda jikoni nilipapasa ukuta. Watu niliwatambua kwa sauti na kwa kikohozi chao.

Siku moja redio ikatangaza kwamba madaktari wa macho wanakuja hospitali ya bondeni kufanya upasuaji bure. Ila kila mgonjwa ajiandikishe kwanza kwenye tovuti yao, ili wajue wabebe lenzi ngapi za kuwawekea watu machoni. Mama yenu Sekela, mke wa mwanangu, aliacha ndizi alizokuwa akimenya, akachukua simu yake, akapanda mpaka kwenye banda la kupimia chai kule mgongoni mwa kilima, ambako mtandao unashika.

Alirudi jioni amelowa mvua.

"Vipi, mwanangu?" nikamuuliza.

"Mama, ule ukurasa hausomeki. Herufi ni ndogo kama ulezi. Nikizikuza, maneno yanakimbilia pembeni. Kuna picha kubwa ya hospitali, hiyo imemeza bando langu lote. Na mahali pa kujiandikisha sijapaona."

Kesho yake akaenda tena, na keshokutwa. Majirani nao walijaribu wakakata tamaa. Nikamwambia, "Acha, Sekela. Nimekwisha kuona vya kutosha katika maisha yangu." Nikamsikia akilia taratibu, akidhani sisikii.

Kumbe kule mjini nako kulikuwa na mashaka. Waliojiandikisha walikuwa wachache mno, na wakubwa wa madaktari wakaanza kusema safari ihamishiwe wilaya nyingine, kwa kuwa watu wa milimani hawajali macho yao. Kijana aliyeitengeneza ile tovuti, Ambilikile, hakuamini maneno hayo. Akasema, "Nipeni nafasi nikawaulize wenyewe." Akapanda bodaboda akaja huku, na nyumba ya kwanza aliyobisha hodi ikawa yetu.

Baada ya salamu akauliza kwa adabu, "Mama, mbona hapa hamjajiandikisha, na mgonjwa yupo?"

Sekela akaenda akachukua simu. "Kaka, twende kwenye mtandao, ujaribu wewe."

Nikaomba nami nipelekwe. Wakanishika mkono mpaka kwenye banda la chai, tukaketi kwenye benchi. Ambilikile akaishika simu ya Sekela. Nilisikia kidole chake kikisugua kioo, kikisimama, kikisugua tena.

"Kitufe kiko wapi?" akauliza mwishowe.

"Unaniuliza mimi?" Sekela akashangaa. "Si wewe uliyekiweka?"

"Nilikiweka, dada. Kiko kulia juu, kinang'aa. Lakini nilikuwa nikikitazama kwenye kompyuta pana ya ofisini. Kwenye simu hii kimetoka nje kabisa ya kioo." Akashusha pumzi. "Sikuwahi kuufungua ukurasa huu kwenye simu ya namna hii."

"Na huku sote tuna simu za namna hii."

Akasema, "Nipe jina la mama. Nitamwandikisha mwenyewe, leo hii."

Hapo, wajukuu zangu, nilitamani Sekela aseme ndiyo upesi. Macho yangu yalikuwa yanaitwa! Lakini akasema, "Nitashukuru, kaka. Na wale wengine je? Utapita nyumba kwa nyumba mlima mzima?"

Ambilikile hakubisha. Akatoa kompyuta yake ya mkononi begini, akaanza kazi pale pale bandani, kando ya vikapu vya chai. Aliondoa ile picha kubwa. Akayapanga maneno yashuke chini badala ya kukimbilia pembeni. Kila akibadilisha, anamwambia Sekela ajaribu.

"Sasa?"

"Nasoma bila kukuza. Ila kitufe ni chembamba, nagusa cha jirani yake."

"Na sasa?"

"Kimejaa kidole. Ngoja... Jina la mama... kijiji... Mama! Imekubali! Umeandikwa!"

Wanawake waliokuwa wakisubiri kupimiwa chai wakacheka kwa furaha, kila mmoja akatoa simu yake. Huyu alimwandikisha baba, yule shangazi. Jua lilipoanza kushuka, Ambilikile akapigiwa simu kutoka mjini: safari haihamishwi tena.

Madaktari walikuja. Nilipofunguliwa bandeji, mwanga ulinichoma, nikafumba, nikafumbua. Mbele yangu alikuwa amesimama mwanamke mwembamba, ana mwanya, machozi yanamtiririka.

"Wewe ni nani, mwanangu?" nikamuuliza.

"Ni mimi, mama. Sekela."

Aliolewa kwangu nikiwa tayari sioni. Miaka yote ile alinipikia, akaniogesha, akanishika mkono, na uso wake sikuwa nimeuona hata mara moja. Niliushika kwa mikono yote miwili. Nilisema *ndaga, ndaga fijo*, nikarudia asante hiyo ya kwetu mpaka muuguzi naye akafuta macho.

Tulipotoka nje Ambilikile alikuwa uani. Nikaenda kumshukuru, nikataka kupiga magoti, akaniwahi akaniinua.

"Usinipigie magoti, mama. Nilijenga mlango nikaupima kwa kimo changu, nikajisifu, na nyinyi mkabaki nje mnanyeshewa. Anayestahili asante ni dada Sekela, aliyenionyesha. Tangu sasa nimejua: mlango hupimwa kwa mgeni, si kwa mwenyeji."

Wagonjwa wenzangu waliyasikia maneno hayo, wakarudi nayo makwao. Fundi akipima ngazi za kanisa, wazee wanamwambia maneno hayo. Bibi arusi akipanga viti, mama yake anamwambia. Na leo mwenyekiti amewaambia wanaotujengea zahanati, waende kwanza wakawaulize wagonjwa watakaoingia humo, kwa sababu mlango hupimwa kwa mgeni, si kwa mwenyeji.