Koki Iliyofukiwa Barabarani

Hapo zamani, si zamani za mababu bali za juzi hivi, mji wa Kilimbwe ulimwaga kifusi barabarani bila kuuliza mtu, ukafukia mifuniko yote ya koki za maji. Asubuhi moja bomba kuu likapasuka. Maji yakaingia wodi ya wazazi ya hospitali, yakafika vifundoni.

Bi Sikitu, mkuu wa mafundi, alikuwa ameomba kifaa cha kutafutia mabomba miaka mitatu, akijibiwa asubiri. Sasa akaamuru watu wachimbe kuitafuta koki ya kulifunga bomba. Wakachimba. Kifusi. Wakachimba tena. Kifusi! Kufika saa nne barabara ilikuwa bao la mashimo kumi na moja, na wazazi wanatolewa nje na vichanga vyao.

“Niueni basi!” akafoka Bi Sikitu. “Koki nzima inapoteaje kama sindano?”

Wakaja vibarua watatu, kila mmoja na chake.

Lutengano alileta kifaa kinacholia kikinusa chuma. Kikalia: kizibo cha soda. Kikalia: msumari. Kikalia: kijiko! Bi Sikitu akaziba masikio.

Mbonea akaja na mashine ya vipande viwili. Kimoja akakifunga kwenye bomba la hospitali, kipeleke mlio ndani ya chuma. Kingine akatembea nacho juu, kikiusikiliza. Akachora mstari wa chokaa. “Bomba limepita hapa.”

“Na koki?”

“Hilo sijui, mama.”

“Hujui!”

Lutengano akafuata mstari ule tu. Kifaa kikalia. Wakachimba, wakakuta mifuniko miwili, mmoja wa bomba la zamani lililokufa. Upi? Subira, kibarua wa tatu, akasimamisha nondo juu ya koki ya kwanza, akaweka sikio. “Kimya.” Akahamia ya pili. “Hii inanguruma. Fungeni hii.”

Wakafunga. Maji yakakoma.

Ofisi ya maji ikatamka: ajira ni moja, na kifaa kitakachonunuliwa ni cha huyo atakayeajiriwa. Bi Sikitu achague.

“Bila mstari wangu mngechimba mpaka Idi,” akasema Mbonea.

“Mstari haufungwi kwa spana,” akajibu Lutengano. “Koki nimeipata mimi.”

“Umepata mbili,” akasema Subira. “Mngefunga ile iliyokufa, mkaenda kula.”

Bi Sikitu akashika kichwa. “Naomba kifaa kimoja, naletewa watu watatu, na wote wana haki!”

Haya, nyinyi mnaonikodolea macho: mmoja tu kati yao, nani alistahili?