Sahani ya Kwanza ya Sikudhani

Hapo zamani, na si ile zamani ya wanyama kusema, ni zamani ya juzi tu ambayo wengine wenu mnaikumbuka na mnajifanya mmeisahau, alikuwapo msichana aitwaye Sikudhani. Sikudhani alikuwa na kifafa. Kaeni vizuri, msisogee nyuma; neno haliambukizi.

Aliishi kwa kaka yake Hemedi, pamoja na Somoe, mke wa Hemedi, na shangazi yao Bi Esha. Siku moja, akiwa anakoroga uji, kifafa kilimwangusha motoni. Watu walikuwa tele uani. Wote walitimua mbio, maana iliaminika kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa, nawe umekwisha. Aliyebaki ni Bi Esha. Aliingiza mikono kwenye moto akamtoa mtoto wa kaka yake, na mikono ile ikaungua hadi viwikoni.

Tangu hapo Hemedi akapiga marufuku. Sikudhani asisogelee jiko. Ale kwenye sahani yake, anywe kwenye kikombe chake, na avioshe mwenyewe. Watu wakasema Hemedi ana huruma, anamlinda dada yake. Huruma gani? Mtu anayekulinda na moto hakutengi na sahani. Sikudhani alijua hivyo, na jambo hilo lilimchoma kuliko ule moto wa jikoni. Alilotaka duniani lilikuwa moja tu: awashe moto, apike, na watu wale.

Zahanati wakampa vidonge. Akavimeza bila kukosa, na kifafa kikazidi. Hapo majirani wakapata la kusema.

"Si mmeona? Hospitali imeshindwa. Huyo katupiwa jini."

"Jini hilo likikutana na mimi litajuta," Bi Esha akawajibu. Akajifunga kibwebwe, akatangaza kwamba wanakwenda mjini, kwenye kile kituo kikubwa cha madaktari wa ubongo. Somoe akafuatana nao, kwa kuwa mikono ya Bi Esha haikuweza tena kubeba mizigo. Alilalamika safari nzima.

Kituoni walipokelewa na Daktari Kabula, mwanamke mwembamba asiye na haraka. Akauliza: huanguka vipi? Huanguka wakati gani? Kabla hajaanguka huwaje? Sikudhani alifungua mdomo, lakini Bi Esha alishatangulia, akijibu kama anayemnadi mwali kwa wakwe. Mtoto mtiifu huyu. Msafi. Mkono mwepesi wa kazi. "Ukiondoa kuanguka, dokta, hana dosari yoyote."

Somoe akaangua kicheko. "Mkono mwepesi! Shangazi, mbona humwambii dokta habari ya vikombe? Huyu kila asubuhi lazima avunje kikombe. Anakishika vizuri, mara kinaruka kule! Chai yote ukutani. Nyumbani tunamwita Mvunja Vikombe."

Sikudhani alitamani sakafu impasukie. Bi Esha akamkata Somoe jicho. Lakini daktari aliweka kalamu chini.

"Asubuhi? Mkono unaruka wenyewe?"

"Wenyewe," Sikudhani akasema. "Sijawahi kutupa kikombe, dokta. Hakuna aliyeniamini."

"Mimi nakuamini."

Daktari akawaeleza. Vifafa ni vingi. Kuna kimoja ambacho hurusha mikono asubuhi, mtu akitoka usingizini, na vile vidonge alivyopewa, ambavyo huwafaa wengi, kifafa cha namna hiyo hukichochea. Lakini hakutaka kubahatisha. Alitaka kipimo: Sikudhani akeshe, asubuhi avishwe nyaya kichwani, mashine ichore umeme wa ubongo wake huku taa ikimetameta mbele ya macho.

"Huenda kipimo kikakiita kifafa chenyewe," akasema. "Tutakuwa kando yako. Lakini una haki ya kukataa."

Bi Esha akakataa papo hapo. "Miaka yote namwomba Mungu kisije, leo nikubali kiitwe?"

"Shangazi," Sikudhani akasema, "kimenivizia vya kutosha. Mara hii nataka kije mbele ya mashahidi."

Basi akakesha, na Bi Esha akakesha naye, akimfinya kila kope zilipoanguka. Kulipokucha akalazwa, nyaya zikabandikwa kichwa kizima, taa ikaanza. Kifafa hakikuja. Taa ikaongezwa kasi. Sikudhani aliogopa, naam, aliogopa sana, na hofu ilipomfika kooni akaigeuza matusi.

"Njoo basi! Jikoni ulinikuta peke yangu, nimeshika mwiko. Leo nimekutandikia kitanda na shuka. Njoo, mwoga we!"

Kikaja.

Alipozinduka, Somoe alikuwa amejibanza mlangoni, Bi Esha alikuwa analia, na daktari alikuwa anamfuta povu mdomoni kwa mkono wake.

"Tumekinasa," daktari akasema. "Ni kile kile nilichokishuku."

Akambadilishia dawa. Akamwambia wazi kwamba dawa ni ya kila siku, usingizi ni lazima, na siku akitaka kuzaa, aje kwanza wazungumze, maana dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Sikudhani akafuata yote. Mwezi ukapita, hajaanguka. Mwaka ukapita, hajaanguka. Daktari Kabula akaja kijijini na kliniki ya mkoba, ile inayozunguka vijiji, akamruhusu arudi jikoni, mradi mtu awe karibu naye.

Hemedi akasema, "Kwangu hapa, chakula cha mkono huo hakiliwi."

Sikudhani hakubishana. Siku hiyo hiyo, daktari akiwa bado kijijini, alibeba mafiga akayapanga nje, kando ya njia, mahali ambapo kila mpita njia angemwona. Akawasha moto. Akakuna nazi, akapika ubwabwa, akaunga kuku. Watu wakajaa. Miguu yao ilisimama mbali, ila pua zao zilikuwa ndani ya sufuria.

Akapakua sahani ya kwanza, akainyanyua juu.

"Kaka, usile, sikubembelezi. Sahani hii ni ya aliyenirudisha kwenye moto. Atakula hapa, mbele yenu wote. Na kila nitakapoulizwa nani aliniokoa, nitataja jina lake na si jingine."

Bi Esha akanyoosha mikono yake yenye makovu. "Nipe, mwanangu. Hawa wote walikimbia. Nisingekutoa motoni, huyo daktari angempima nani?"

Somoe naye akasogea mbele, na watu wakaguna. "Wifi, nilikucheka, sikatai. Lakini shangazi, kwa mapenzi yake, alificha habari ya vikombe. Isingekuwa mdomo wangu mngerudi na vidonge vile vile. Nia yangu ilikuwa mbaya, neno langu likakuponya. Sasa unalipa nia, au unalipa neno?"

"Mimi nina njaa tu," Daktari Kabula akasema, na watu wakacheka. "Lakini kwa kuwa mnadaiana, na mimi nidai. Vikombe vile vilivunjika mbele ya macho yenu miaka na miaka. Nani alielewa vinasema nini? Na nani alithubutu kumwondolea dawa ambayo kila mtu alimwambia aendelee nayo?"

"Mpeni mbwa!" Hemedi akapiga kelele kutoka kizingitini.

Hakuna aliyegeuka kumtazama. Sikudhani aliishusha sahani taratibu, akaishika kifuani, akasema kwa hasira na kwa furaha kwa pamoja.

"Mmoja alinivuta. Mmoja alinicheka. Mmoja alinielewa. Haya, na mimi je? Kitandani pale, aliyekiita kije ni nani? Kwa nini mimi mwenyewe nisiwe aliyejirudisha?"

Na msiniletee jibu la kwamba wagawane, maana Sikudhani alikataa kugawa hata punje. Alisema amekula makombo ya kutosha. Sahani ni moja, inafuka moshi, kaka mtu amekunja uso mlangoni na kijiji kizima kinameza mate.

Enyi mnaonisikiliza, aliyeungua, aliyecheka, aliyeelewa, na aliyekiita kije: je, nani alistahili kula kwanza?