Pimbi, Simba na Nzi wa Manyoya

Ngano, ngano!
— Ije!
Ije na nini?
— Na mchuzi wake!
Uongo wangu…
— Utamu wetu!

Basi kaeni vizuri, na aliyemkalia mwenzake asogee. Ngano hii mtaisikia kwa wengine pia, lakini wao wameokota vipande. Nzima ninayo mimi.

Hapo zamani, juu kabisa mlimani, mahali ambapo ukungu huamka kabla ya jogoo na umande huuma vidole, palikuwa na ziwa dogo. Dogo kweli: tembo akija kunywa, vyura walibanana upande mmoja. Ndani ya ziwa hilo waliishi trauti, samaki wa maji baridi wenye madoadoa. Na trauti, jamani, ana maringo. Si kambale yule. Kambale ukimtupia ganda la ndizi anameza na anakushukuru. Trauti ukimtupia mnyoo anakugeuzia mgongo. Yeye anataka nzi. Na nzi mwenyewe atue juu ya maji taratibu, kama mgeni aliyefundwa kwao.

Mnyama mmoja tu aliijua siri hiyo, naye ni Pimbi. Mnamjua: mdogo kama sungura, mnene kama mto wa kulalia, mkia hana, nyumba yake majabalini. Kila asubuhi alichukua ufito wake wa mwanzi, mshipi mrefu, na ndoana aliyoivika manyoya yake mwenyewe kidogo mpaka ikafanana na nzi. Anaupunga mshipi nyuma, anaupunga mbele. Swiii, swaaa! Nzi wa bandia anatua. Chubwi! Trauti huyo. Anampelekea mkewe, Mama Kokoto, chungu kinachemka, mambo yamekwisha.

Sasa akaja Simba. Alipanda kutoka tambarare kwa sababu pundamilia wa huko walimchosha: wao wanakimbia, anayehema ni yeye. Alikuwa na manyoya ya shingoni si mchezo, mazito, ya rangi ya asali, yanamwagika mpaka magotini. Alijitazama kwenye maji asubuhi, akajitazama mchana, akaridhika mara zote. Akasema, "Maji haya yangu. Samaki hawa wangu. Hata huu ukungu, anayetaka kuuvuta puani aje aombe."

Akajitupa ziwani avue. Gubwi! Trauti wote chini. Simba akatoka na magugu kichwani. Akarudi. Gubwi! Magugu tena.

Asubuhi moja akamkuta Pimbi ukingoni, trauti mkononi.

"Wewe! Nani kakuruhusu kuvua?"

Magoti ya Pimbi yalicheza, lakini ulimi hauna magoti. "Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Nimeuliza, nani kakuruhusu?"

"Aniruhusu nani, na samaki ni wako? Nilikuwa nakuvulia wewe. Kosa langu ni kuchelewa kukuletea."

Simba akampokonya. Ham! Akafumba macho. Akalamba pua, akalamba makucha, akalamba hata jiwe lililodondokewa na maji ya samaki.

"Kuanzia kesho," akasema, "utanivulia mpaka nishibe. Siku nisiposhiba, nitamalizia na wewe, mkeo na vile vitoto vyenu. Nyama yenu si ya kujivunia, lakini kwa kusafishia meno mnafaa."

Pimbi akarudi nyumbani amenywea. Mama Kokoto alipoyasikia akapiga makofi.

"Simba ashibe! Baba Kokoto, umewahi kuona shimo likishiba? Na wewe mwenyewe manyoya yamebaki mgongoni tu. Hao nzi utawafuma kwa nini, kwa nyusi zangu?"

"Tulia, mke wangu. Nafikiri."

"Fikiri upesi. Yule pale nje anajichana kwa makucha kama bwana harusi. Manyoya yote yale, ya kazi gani?"

Pimbi akamtazama mkewe. Akachungulia nje. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Kulipokucha akaenda ziwani na nzi mmoja mkuukuu, aliyelowa na kuchakaa. Swiii, swaaa. Kimya. Swiii, swaaa. Kimya.

"Mbona hawaji?" akauliza Simba.

"Wanakuja, Bwana Mkubwa. Wanamtazama nzi, wanaulizana: huyu kafumwa kwa manyoya ya nani? Wakiambiwa ya Pimbi, wanaondoka. Wanasema, ziwa la Simba, tumbo la Simba, halafu tufe kwa nzi wa Pimbi? Hawa samaki wana ukoo."

Simba akatikisa kichwa polepole. "Wana akili."

"Nahitaji manyoya kidogo tu. Hapo shingoni kwako."

"Shingoni? Haya nimerithi kwa baba yangu!"

"Basi tusubiri. Huenda kesho wakasahau ukoo."

Tumbo la Simba ndilo lililojibu, lilinguruma kumshinda mwenyewe. Akainamisha shingo.

Nyofu!

"Aii!"

Pimbi akafunga nzi mpya, mzuri, anang'aa kama shanga. Swiii, swaaa! Chubwi! Ham!

"Tena!"

"Tena ni nzi mwingine, Bwana Mkubwa. Trauti hadanganyiki mara mbili kwa nzi yule yule."

Nyofu! Aii! Swiii, swaaa! Chubwi! Ham! Tena!

"Na jambo moja," Pimbi akasema. "Usisogelee maji. Kivuli chako ni kikubwa, kikianguka ziwani trauti wanakimbia. Kaa kule nyuma ya nyasi. Ukitaka kunywa, nitakuletea kwenye kibuyu."

Hapo Pimbi hakudanganya, muulizeni mvuvi yeyote. Trauti akiona kivuli, humwoni tena siku hiyo. Kwa hiyo Simba akakaa nyuma ya nyasi, wala hakujitazama majini tena.

Siku zikaenda. Siku ya mawingu, Pimbi akataka manyoya meusi ya kifuani. Siku ya jua, akataka ya asali ya kisogoni. Siku ya upepo, akataka ya nyuma ya sikio, eti ndiyo mepesi. Nzi mmoja huhitaji manyoya ya kubana kwa vidole viwili. Pimbi alinyofoa kwa mikono miwili. Yaliyobaki alipewa Mama Kokoto, akajaza godoro, na watoto wakalala bila meno kugongana.

Nyofu! Aii! Swiii, swaaa! Chubwi! Ham! Tena!

Tumbo la Simba likavimba. Shingo ikabaki kama ya kuku aliyemwagiwa maji ya moto. Wanyama waliopita waliuma midomo. Nyani alilazimika kwenda mlima wa pili akacheke kwa nafasi.

Jioni moja Pimbi akatazama, akaona limebaki fungu moja tu utosini, limesimama kama jani la kitunguu. Moyo ukamdondoka. Fungu likiisha, nzi wanaisha. Nzi wakiisha, samaki wanaisha. Samaki wakiisha, zamu ya nani?

Akapanda jabali la juu kabisa. Na Pimbi ni mdogo wa mwili, sauti hakupunjwa. Akageukia bondeni, akajaza kifua.

"Krrraaa! Nyinyi wa tambarareee! Huku juu kuna mwaliii! Mneneee! Hajaposwaaa!"

Asubuhi fungu la mwisho likatoka. Nyofu! Samaki wa mwisho akaja. Ham!

"Tena!"

"Hakuna tena, Bwana Mkubwa. Manyoya yamekwisha."

"Yamekwisha? Shingo yote hii?"

Simba akajipapasa upande huu. Laini. Akajipapasa upande ule. Laini vilevile.

"PIMBI!"

Akafungua kinywa. Pimbi akaona kimio, akaona na mwiba wa trauti wa jana umekwama kwenye gego. Akafumba macho.

"Hodi!" ikasikika sauti.

Alikuwa simba kijana wa tambarare, manyoya ameyachana, ua sikioni, kanga aliyenona amembana kwapani.

"Hodi hapa. Nimesikia kuna mwali."

"Karibu, karibu!" akasema Pimbi kutoka chini ya meno. "Mshenga ni mimi. Mwali ndiye huyu."

Kijana akamtazama Simba: shingo tupu, tumbo la neema, kinywa wazi. "Mashallah," akasema.

"Mwali nani?" Simba akafoka. "Mimi ni dume!"

"Anaona haya," Pimbi akanong'ona. "Waliolelewa vizuri wote husema hivyo."

"Na sauti anayo!" kijana akasema. "Mama atampenda. Nyumbani hatuna wa kuwaita watoto waje kula."

Simba akanguruma, mlima ukatikisika. Kijana akamwekea kanga miguuni. "Nakuelewa, bibie. Kula kwanza, hasira ni njaa. Mshenga, mahari mnataka nini?"

"Hatutaki kitu," akasema Pimbi. "Mchukue tu. Leo leo."

"Nitawaonyesha manyoya yangu!" Simba akasema. "Subirini hapo!" Akarukia ukingoni, akainama. Maji yalikuwa yametulia kama kioo. Akatazama, akashtuka.

"Shangazi!" akasema. "Umefika lini?"

Shangazi naye akafungua mdomo pamoja naye, akaufunga pamoja naye. Hapo ndipo Simba alipoelewa. Hakumngoja mtu. Akashuka mlima mbio, tumbo likimtangulia, kijana nyuma yake na kanga mkononi.

"Mimi ni dumeee!"

"Ndiyo, mpenziii! Lakini usikimbie hivyo, utakondaaa!"

Sauti zikashuka, zikashuka, zikaingia ukunguni. Mama Kokoto akatoka jabalini.

"Wamekubaliana?"

"Bado wanazungumza," akasema Pimbi, akaokota ufito wake. Swiii, swaaa!

Ngano yangu imetua hapo. Mwenye njaa achukue samaki, mwenye wivu achukue mwiba.

Na funzo lake mlishike vizuri. Mkubwa akidai kitu, mpeni kwa moyo mweupe bila hila yoyote, kama Pimbi alivyofanya. Tena msijali nywele, nywele ni pambo tu, heshima ya mtu iko moyoni. Anayebisha na anyoe kipara, ashibe vizuri, kisha ateremke tambarare.