Mishea Yenye Haya

Nisameheni, watoto. Hadithi hii naisimulia vibaya: sauti ya Tembo naitoa kama mbuzi mwenye mafua. Haya, vumilieni.

Hapo zamani za kale, tembo alipokuwa bado hajajua kusubiri, Bi Kindi hakuwa na raha. Mshea, mti wa porini ambao kokwa zake hukamuliwa mafuta, ulikuwa umebaki mmoja tu, mkongwe, umeinama. Ukianguka, wanawe watakula mboga chukuchuku maisha yao yote. Basi akaokota kokwa mbichi, akazipanda nyuma ya nyumba.

Zikachipua. Asubuhi moja, ng'wafu! Mche ukaning'inia mkongani.

"Mzee Tembo! Unafanya nini?"

"Natazama kama umeshika mizizi, shemeji."

"Ulikuwa umeshika!"

"Basi naurudisha." Akauchomeka kama mwiko kwenye ugali.

Kesho yake, ng'wafu! Safari hii kamleta Nyati.

"Huu nao bado," akasema Nyati. "Shemeji, mbona miti yako mivivu?"

Miche thelathini ikabaki minne. Kindi akajifunika mkia usoni. Awapige? Kwa kiganja gani? Awafukuze? Alishawafukuza, walidhani anacheza.

Akainuka, akanong'ona: "Wazee wangu, mishea ina haya. Ikitazamwa, mizizi inajificha."

"Ala! Kama bibi arusi?"

"Kabisa! Inataka watu wazima waipe mgongo, wawazuie mbuzi. Na mkiangusha chochote huko nyuma, haichukii."

Wakaipa mgongo. Pwaa! Pwaa! Samadi ya bure. Miche iliponenepa, Kindi akakata vijiti vichanga vya ule mkongwe, akavibebesha juu ya miche viungane nayo, akafunga kwa kamba za magome, ili izae mapema.

"Tugeuke?"

"Thubutu! Ona, mmoja umeshakunja mizizi!"

"Samahani, mti," akasema Tembo, macho mbele.

Miaka ikapita, wale wamesimama tu. Siku moja tunda likadondoka, pu! juu ya kisigino cha Tembo. Akageuka. Matunda tele!

"Umeona, Nyati? Haya imeitoka!"

"Tumeilea vizuri," akasema Nyati, kifua mbele. "Shemeji, karibu, nawe uonje kidogo."

Kindi akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. "Asanteni, wazee."

Funzo, watoto: anayetaka matunda auache mti ushike mizizi kwanza.

Mshea wangu mimi? Ulikufa. Si mchwa, si ukame, si mbuzi wa jirani. Niliupanda kichwa chini.