Mti wa Saba wa Daraja la Nyani

Paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Watoto mbele, wakubwa nyuma. Na mwenye duka, au mwenye nyumba ya kupangisha, akae karibu zaidi, maana hadithi hii inamtafuta yeye. Tuanze kwa jina la Mwenyezi Mungu.

Hapo zamani, zamani ile ambayo wanyama walikuwa na mahakama yao na hakimu wao, palikuwa na mto. Mto uliitwa Kivumo. Ng'ambo hii kulikuwa na mashamba. Ng'ambo ya pili kulikuwa na soko. Katikati kulikuwa na maji. Maji yanakwenda, yanakwenda, vuuu, vuuu.

Nyani akajenga daraja. Alilaza magogo mawili marefu kutoka ukingo hadi ukingo. Juu yake akapanga miti ya kukanyaga, kumi na miwili, akaifunga kwa kamba. Lilikuwa daraja zuri. Nyani alisifiwa, na sifa alizistahili. Kila aliyevuka alimpa konzi moja ya mtama. Hakuna aliyenung'unika.

Nchi ile ilikuwa na adabu yake. Hukanyagi mali ya mwenzako bila kubisha hodi. Unabisha, unasubiri. Mwenyewe akikujibu karibu, basi, tangu hapo miguu yako ni amana kwake. Ukiumia kwake, yeye ndiye anayeulizwa. Ilikuwa hivyo tangu babu zao.

Miaka ikapita. Mvua ikanyesha, jua likawaka. Kamba ya mti wa saba ikaoza.

Asubuhi moja Nyani anavuka, akaukanyaga mti wa saba kwenye ncha yake. Brrr! Mti ukabingirika. Nyani akadaka mti wa nane kwa mikono miwili, miguu inaning'inia juu ya maji. Akajivuta, akapanda. Akaketi. 

Je, aliufunga? Hakuufunga. Kamba mpya alikuwa nazo nyumbani. Alisema kesho. Kesho yake akasema kesho.

Ila tangu siku ile alivuka hivi. Hesabuni nami, watoto. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, hop! Nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili.

Mmeisikia saba? Hata mimi sikuisikia.

Nyani alikuwa na rafiki, Bweha. Bweha alikuwa wakili. Nyani akamwendea.

"Bwana Bweha, mtu akianguka darajani kwangu itakuwaje?"

"Unalo tatizo gani?"

"Sina tatizo. Nauliza tu."

Bweha akacheka. "Andika ubao, rafiki yangu. Ubao unamaliza kila kitu."

Nyani akatafuta ubao. Akapata wa mninga, mpana, mzito, mzima. Akaandika kwa herufi kubwa: APITAYE APITE KWA HATARI YAKE. MWENYE DARAJA HAHUSIKI. Akausimamisha mlangoni mwa daraja. Na unajua aliufunga kwa nini? Kwa zile kamba mpya.

Sasa, walikuwako Digidigi, mume na mke. Digidigi mnamjua. Ni paa mdogo kabisa, miguu kama vijiti. Hawa wawili hawakuachana. Mume mbele, mke nyuma, tiki tiki, tiki tiki. Walikuwa na watoto wawili na shamba la mtama karibu na mto.

Siku ya soko wakafika darajani. Mume amebeba mfuko wa mtama mgongoni. Akasimama.

"Hodi! Hodi! Hodi!"

"Karibu, karibu, mteja wangu!" akasema Nyani. Akapokea konzi yake. "Pita, baba, pita!"

Digidigi akapita. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Saba...

Brrr!

Chubwi!

Vuuu.

Mke alikuwa kwenye mti wa tano. Alinyoosha shingo, akaita. Maji yakajibu vuuu. Mti wa saba ukabingirika tena, ukarudi mahali pake, ukatulia kama mingine. Ungeutazama usingejua.

Walimpata siku ya tatu, chini kwenye matete. Wakamzika. Majirani wakaja, wakakaa, wakaondoka. Sisi ni wa Mungu, na kwake tunarejea.

Mama Digidigi akabaki. Hakula vizuri. Alilala karibu na mto, jicho wazi, anasikiliza. Nyumba ikipungukiwa na mtu, masikio hayafungiki. Hilo nalijua, na sitaliongeza.

Basi kila asubuhi alisikia hatua za Nyani juu ya miti. Sita. Kimya. Tano. Jioni tena, akirudi. Tano. Kimya. Sita. Siku ya kwanza hakufikiri kitu. Siku ya pili akainua kichwa. Siku ya tatu akasimama.

Akamwendea Nyani.

"Bwana Nyani, ufunge mti wa saba. Sitaki kingine."

"Mti wa saba una nini?"

"Wewe unajua una nini."

"Pole kwa msiba, mama, lakini mumeo aliteleza. Ubao umeusoma?"

Mama Digidigi akaondoka. Nyani akakimbia kwa Bweha.

"Niufunge?"

"Usiuguse!" akasema Bweha. "Ukiufunga leo, watasema jana ulijua. Uache vilevile."

Nyani akauacha vilevile. Ona sasa! Kazi ya kamba moja, na yule anaogopa kuonekana ameifanya.

Mama Digidigi naye hakurudi nyumbani. Alisimama mlangoni mwa daraja. Kila aliyekuja alimwambia, "Mti wa saba unabingirika. Umeniulia mume." Kanga akageuka. Nungunungu akageuka. Pundamilia wakageuka na mizigo yao.

Nyani akawaka. Akampeleka mahakamani.

Hakimu alikuwa Korongo. Aliposikiliza kesi alisimama kwa mguu mmoja. Akishusha mguu wa pili, hukumu imetoka. Akasema, "Kesi ya daraja itasikilizwa darajani." Wanyama wote wakaja, wakajaa ukingoni.

Bweha akaanza. "Mheshimiwa hakimu, mama huyu anamharibia mteja wangu kazi kwa uongo. Tunaomba anyamaze. Na kwa hasara aliyomtia, tunaomba shamba lake la mtama."

Wanyama wakaguna, mmh! Wale watoto wawili wakajisogeza miguuni kwa mama yao. Lile shamba ndilo lililokuwa limebaki.

"Mama Digidigi, wakili wako yuko wapi?" akauliza Korongo.

"Sina, mheshimiwa. Nina Mungu, na nina miguu minne."

"Eleza."

"Mti wa saba unabingirika. Yeye anajua."

Bweha akadakia. "Kwanza, ubao huo hapo. Apitaye apite kwa hatari yake. Pili, marehemu alibeba mzigo mkubwa mno."

Kanga akapiga kelele kutoka nyuma. "Mzigo gani? Digidigi na mfuko wake hawafiki uzito wa makalio ya Nyani!"

Kicheko kikaenda mpaka ng'ambo. Korongo akagonga mdomo, ko! ko!

"Tatu," Bweha akaendelea, "daraja ni zima. Hata kama mti una kasoro, mteja wangu hajui."

"Sijui kabisa!" akasema Nyani. Akapanda juu ya jiwe ili aonekane. "Mimi mwenyewe napita asubuhi na jioni. Ningejua pana hatari, ningepita? Nina kichaa?"

Mama Digidigi akainua macho.

"Unapita kila siku?"

"Kila siku!"

"Miti yote kumi na miwili?"

"Yote!"

"Basi pita, baba. Tukuone."

Bweha akamvuta Nyani mkia. "Usiende," akanong'ona. Lakini wanyama wote wanatazama, na Nyani hakupenda kuonekana mwoga. Akautoa mkia wake. Akaenda, kifua mbele.

Wanyama wakahesabu. Nanyi hesabuni. Moja! Mbili! Tatu! Nne! Tano! Sita!

Hop!

Nane! Tisa! Kumi! Kumi na moja! Kumi na mbili!

Nyani akafika ng'ambo. Akageuka, akainua mikono, anacheka. "Mmeona?"

Hakuna aliyecheka. Vuuu, ukasema mto.

Hakujua kwamba ameruka. Miguu ilikuwa imezoea. Ulimi wake ulikana, miguu yake ikasema kweli mbele ya watu wote.

"Tumeona," akasema Korongo taratibu. "Saba iko wapi?"

Kicheko kikamtoka Nyani usoni. "Nimepitiwa, mheshimiwa. Narudi. Nitaikanyaga."

"Rudi."

Nyani akarudi. Kumi na mbili. Kumi na moja. Kumi. Tisa. Nane. Akasimama. Akainua mguu. Akaushusha. Akainua mwingine. 

"Kanyaga," akasema Mama Digidigi.

"Nakanyaga."

"Kanyaga basi."

"Subiri!"

"Mheshimiwa," akaita Kanga, "tulete chakula? Tutalala hapa?"

Nyani akatazama maji. Akatazama mti. Jasho linamtoka. "Siwezi!" akalia. "Unabingirika! Nitakufa! Nina watoto!"

Mama Digidigi akasogea mpaka kwenye mti wa kwanza. Hakupaza sauti.

"Na yeye alikuwa nao."

Nyani akaketi pale pale kwenye mti wa nane. Akafunika uso.

Korongo akashusha mguu wa pili.

"Nyani, marehemu alikubishia hodi?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Ukamwambiaje?"

"Karibu."

"Ukapokea mtama wake?"

"Nikapokea."

"Basi miguu yake ilikuwa amana kwako. Ulijua mti umelegea. Kamba ulikuwa nazo. Ukautengenezea ubao, mti ukauacha. Maneno ya ubao hayabebi mtu akikanyaga. Wewe mwenye daraja unahusika. Mama Digidigi amesema kweli, na shamba ni lake."

Wanyama wakalipuka. Pundamilia wakapiga kwato. Kanga akaruka juu, akashuka, akaruka tena. Wale watoto wawili wakazunguka miguu ya mama yao, tiki tiki, tiki tiki.

"Sijamaliza," akasema Korongo. "Mtama wa darajani utawalisha watoto hawa mpaka wawe wakubwa. Kila asubuhi Nyani atakanyaga miti yote kumi na miwili kabla ya kumwambia mtu karibu. Bweha, wewe unakaa wapi?"

"Ng'ambo ya pili, mheshimiwa," akajibu Bweha kwa sauti ndogo.

"Utavuka vipi kwenda nyumbani?"

Bweha akasogea darajani, tayari kufunga kamba.

"Mama," akasema Korongo, "unayo la kusema?"

Mama Digidigi akautazama ule ubao mlangoni. Mpana, mzito, mzima.

"Naomba ule ubao, mheshimiwa."

"Wa nini?"

"Uwekwe pale saba."

Hoi! Wanyama wakashangilia mpaka ndege wakaruka kwenye matete. Nyani akaruka saba, akarudi mlangoni, mwenyewe akaufungua ubao wake. Bweha akabeba kamba zile mpya. Wakautoa ule mti mbovu, wakautupa mtoni, chubwi, vuuu, ukaenda. Wakaulaza ubao mahali pake. Wakaugeuza, maandishi chini, yasomwe na samaki. Wakaufunga mara saba, Nyani anakaza, Bweha anakaza, Kanga anawasimamia.

"Kaza hapo, wakili! Hapo unahusika!"

Nyani akawa wa kwanza kuukanyaga. Katikati, kwenye ncha, huku, huku. Ukatulia. Akarudi, akasimama mlangoni, kichwa chini.

Mama Digidigi akaja na watoto wake. Akasimama.

"Hodi."

Neno la kumjibu sasa lilikuwa zito mdomoni mwa Nyani. Akamtazama machoni.

"Karibu, mama," akasema. "Karibuni wote."

Wakapita. Mama mbele, watoto nyuma. Na ukingo mzima ukahesabu, wakubwa kwa wadogo. Hesabuni, watoto wangu, kwa nguvu! Moja! Mbili! Tatu! Nne! Tano! Sita!

SABA!

Mama akasimama pale pale, juu ya saba. Maji yanapita chini, vuuu. Akafumba macho, akamwombea mumewe. Kisha akasema, "Alhamdulillahi." Akainua kichwa, akaongoza watoto wake, nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, mpaka sokoni.

Na daraja lile halikumwangusha mtu tena.

Sasa enyi wenye maduka, wenye nyumba, wenye magari ya abiria, sikieni. Ukimwambia mtu karibu na ukapokea chake, usalama wake uko juu yako. Ukijua pana ubovu, tengeneza leo. Usiandike ubao wa kujitoa. Atakayekuja kuulizwa ni wewe, hapa duniani kwa hakimu, na kesho mbele ya Mwenyezi Mungu. Na wewe uliyeumizwa, hata kama u mdogo kama Digidigi, usinyamaze. Simama, sema kweli, hesabu sawasawa.

Mimi nimewavusha. Hadithi yangu imefika ng'ambo, imetua mzigo, imeishia hapo.