Chozi Lililopanda Juu

Wahenga waliosema "kizuri hakikosi ila" hawakuwa wakimtetea mzembe. Walimaanisha kwamba kila kilicho bora kina dosari yake, na anayetaka kizuri kisicho na doa atazeeka akitafuta. Watu wa Hamtramck, mji mdogo uliozungukwa na Detroit pande zote, hawana ubishi na wahenga hao. Vizazi kwa vizazi wamekula jasho lao katika viwanda vya magari, na wanajua kuwa kilichoundwa na mkono wa mtu hubaki na alama ya mtu.

Zamani palikuwa na kiwanda cha Dunmore mjini humo. Kiliunda gari liitwalo Wolverine, la milango miwili na injini kubwa kupita haja, ambalo likiwashwa asubuhi mtaa mzima uliamka bila saa. Kiwanda kilibomolewa, mahali pake pakajengwa maghala. Wolverine chache zilizosalia zimo mikononi mwa wapenzi wake, ambao kila kiangazi hukutana uwanjani kuzishindanisha. Sheria yao ni moja, nayo ni ngumu: gari lihukumiwe kwa jinsi lilivyotoka langoni mwa kiwanda, lisiwe baya zaidi wala zuri zaidi. Aliyezidisha hukatwa alama sawa na aliyepunguza. Mwaka huo ushindani ulikuwa mkali kuliko kawaida, kwa sababu jumba la makumbusho la mji lilitangaza kuwa litachukua Wolverine moja tu, ile itakayoshinda, ikae humo daima iwe kielelezo cha kazi ya watu wa Dunmore.

Corinne Dudek, fundi wa lifti, aliitaka nafasi hiyo kwa moyo wote. Hakuitaka kwa ajili yake. Mama yake, Bi. Bronia, alipiga rangi magari ya Dunmore tangu usichana wake hadi siku lango lilipofungwa, na jina lake halikuandikwa popote. Wolverine ya rangi ya chungwa, aliyoinunua marehemu baba yake Corinne ikiwa mpya, ndiyo kazi pekee ambayo Corinne alikuwa na hakika kwamba ni ya mikono ya Bi. Bronia. Corinne aliifufua bolti kwa bolti, ila rangi ya asili hakuigusa.

Sasa, ndani ya madigadi ya kushoto, mahali panapoonekana boneti ikifunguliwa, palikuwa na chozi la rangi lililoganda, nene kama punje ya mchele. Alasiri ya kuamkia shindano, Bi. Bronia aliingia gereji na mkoba wake wa kanisani, akatoa kipande cha msasa.

"Toa hilo," alisema.

"Mama, hilo ndilo litakalotupa ushindi."

"Litatupa aibu. Mimi nilikuwa mpiga rangi, sikuwa mpishi wa supu. Sijadondosha hata siku moja."

"Haya, limetoka wapi?"

"Zamu ya usiku. Wale walikuwa walevi."

Corinne alicheka, lakini mama yake hakucheka.

"Jaji Tubbs akiona pamesuguliwa atatukata alama," Corinne alisema. "Unamjua alivyo."

"Namjua tangu ana nywele." Bi. Bronia aliukunja msasa polepole. "Basi liache. Ila niahidi hutamwambia mtu kwamba upande wa kushoto wa gari hili niliupaka mimi. Wenzangu wote watakuwepo. Nimeishi na jina zuri, nataka nizikwe nalo."

Corinne aliahidi shingo upande. Aliona gari litashinda bila jina la mama, na ushindi wa namna hiyo ulimchoma hata kabla haujapatikana.

Kesho yake uwanja ulijaa watu, moshi wa soseji ukawa unatanda kila upande. Mpinzani aliyeogopwa alikuwa Wendell Hatcher, daktari wa meno mstaafu. Mwaka uliotangulia alileta Wolverine inayong'aa kama meno ya wateja wake. Jaji mkuu, Alphonse Tubbs, aliyekuwa mkaguzi wa kiwanda enzi hizo, aliizunguka mara kadhaa kisha akasema, "Daktari, gari hili halikutoka Dunmore, limetoka mbinguni. Huko hatukuwa na zamu." Akamkata alama mpaka maadui zake wakamhurumia.

Safari hii Wendell alikuja amejifunza. Alifungua boneti kwa madaha, na ndani ya madigadi yake machozi ya rangi yalikuwa yamejipanga.

"Mliniambia nilete makosa," alisema. "Nimeyaleta."

Tubbs aliyamulika kwa tochi, akaguna, akasonga mbele. Alipofika kwa Corinne, aliinama juu ya madigadi ya kushoto akalimulika lile chozi.

"Lingine hili," alisema alipoinuka. "Siku hizi nakuta machozi mengi kwenye maboneti kuliko msibani. Watu wamechoka kughushi uzuri, wameanza kughushi ubovu. Haya Corinne, hili ulilidondosha lini?"

"Sikulidondosha mimi."

"Nani basi?"

Corinne alitikisa kichwa. Ahadi ni ahadi.

"Nisipojua lilikotoka nitalihesabu ni la kughushi," Tubbs alisema, "na la kughushi linatoa gari mashindanoni. Halafu tazama, chozi lenyewe limepanda juu badala ya kuteremka. Umewahi kumwona mtu akilia, machozi yakaelekea kwenye nywele?"

Watu waliangua kicheko. Bi. Bronia alikuwa amesimama kati ya wastaafu wenzake, andazi la jamu mkononi. Alimtazama binti yake akiuma mdomo, akiwa tayari kupoteza kila kitu kuliko kumvunjia mama neno. Akamkabidhi jirani yake andazi, akapenya katikati ya watu.

"Alphonse, mwache mtoto. Hilo ni langu."

Kicheko kilikatika.

"Lako wewe?" Tubbs aliuliza. "Wewe uliyekuwa ukitutambia kwamba hujawahi kudondosha?"

"Nilidondosha moja. Na limepanda kwa sababu madigadi tulikuwa tunayatundika kwenye kulabu kichwa chini kama popo. Yakishakauka ndiyo yanageuzwa yanafungwa kwenye gari. Wewe unajua sana. Kila siku ulikuwa unapita pale ukijifanya unakagua, kumbe unanusia kahawa yetu."

"Najua," Tubbs alikiri, na uso wake ukalainika. "Nilitaka kusikia kama yuko mwingine anayekumbuka. Sasa niambie, ilikuwaje mkono wa Bronia Dudek ukateleza?"

Bi. Bronia hakumjibu yeye. Alimgeukia binti yake.

"Nilikuwa na mimba, nimeifunga kwa mkanda chini ya ovaroli, maana wangejua wangenirudisha nyumbani. Wewe ukanipiga teke. Lilikuwa la kwanza. Nikasimama pale kama mjinga, nikasahau kuwa nimeshika bunduki ya kupulizia rangi. Nilimwambia baba yako peke yake, naye akalingoja gari lile lile langoni akalinunua. Mimi nilikuwa nimezoea kuficha, nikaendelea tu kuficha."

Corinne alisogea karibu. Alikuwa na fahari iliyomjaa kifua mpaka ikauma, akamshika mama yake mkono mbele ya watu wote, ule ule uliopiga rangi. Nyuma yao wanawake wa zamani wa chumba cha rangi walianza kupiga makofi, kwanza mmoja, kisha wote, na hakuna aliyeonekana kumcheka mwenzao.

Tubbs alirudi kwa Wendell na tochi yake.

"Daktari, yako yanateremka. Umeyadondosha gari likiwa limesimama kwa magurudumu."

Wendell aliyatazama, akakuna kidevu, kisha akacheka mwenyewe. "Kumbe hata kukosea kuna ufundi wake," alisema. Alifunga boneti, akavuka uwanja kwenda kumpa Bi. Bronia mkono.

Hukumu haikuchelewa. Wolverine ya akina Dudek ndiyo iliyotangazwa kuwa kama ilivyotoka langoni, na mkuu wa makumbusho akaahidi papo hapo kwamba jina la Bronia Dudek litaandikwa kwenye kibao mbele ya gari hilo. Kisha akauliza kama familia ina ombi lolote kuhusu namna ya kuliweka gari.

"Moja," Bi. Bronia alijibu kabla Corinne hajafungua kinywa. "Boneti isifungwe. Watu wanaokuja waone upande wa kushoto."

Basi uwanja mzima wa Hamtramck, usiojua neno hata moja la Kiswahili, ulishangilia kuwaunga mkono wahenga wetu: kizuri hakikosi ila.